Hii gari inaenda wapi? Tuongee kuhusu taarifa za abiria kwenye daladala za Dar

Asubuhi moja nilikuwa kituoni Tazara, pale karibu na daraja la Mfugale, nasubiri gari ya kwenda Airport. Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja wa makamo, mkoba mkononi na bahasha ya kaki ya hospitali ameikumbatia kifuani, ukimwangalia tu unajua huyu ni mgeni wa jiji. Ameelekezwa ashukie Kariakoo ndo apande nyingine ya Muhimbili. Ikaja Coaster, kioo cha mbele imeandikwa G/MBOTO – K/KOO, akamuuliza konda, "Mwanangu, hii inafika Kariakoo?" Konda akajibu, "Inafika mama, panda, panda." Tukapanda wote. Mimi nilishapita mbele sikuyasikia hayo, nimekuja kushtuka tunakaribia Airport namsikia anauliza kwa sauti ya kutetemeka, "Jamani, Kariakoo bado?" Gari ilikuwa inaenda Gongo la Mboto.

Nilishuka naye nikamvusha barabara nikampandisha ya kurudi, nauli akalipa mara ya pili, na miadi yake hospitali ilikuwa saa tatu. Sasa ukitulia ukaifikiria ile habari, konda hakumdanganya yule mama. Ile gari Kariakoo inafika kweli, ila ikishafika mwisho ikageuza. Na maandishi ya kwenye kioo nayo hayakudanganya, yameandika ncha zote mbili za ruti, lakini hayasemi gari iko upande gani wa safari muda huu, hilo unatakiwa ulijue kwa kuangalia umesimama upande gani wa barabara. Mwenyeji halimsumbui kabisa. Mgeni anapotelea hapohapo.

Toka siku ile nimekuwa nalifuatilia sana hili suala la taarifa za abiria, na kadri ninavyolifuatilia naona kwamba tunalalamika kila siku lakini tunachanganya mambo mengi kwa pamoja, kwahiyo hata tukienda kudai tunakuwa hatujui tunadai nini na tunamdai nani. Ngoja nijaribu kulifumua kidogo kidogo.

Ukisema "taarifa za abiria" watu wengi akili inakimbilia kwenye app ya simu inayoonyesha gari iko wapi. Hiyo ni taarifa, ndio, lakini ni ya juu kabisa ya ngazi. Chini yake kuna taarifa ambazo hazibadiliki mwezi mzima, pengine hata mwaka: hiki kituo kinaitwaje, ruti gani zinapita hapa, zinaelekea wapi, zinapitia wapi, nauli shilingi ngapi, gari ya kwanza saa ngapi na ya mwisho saa ngapi. Alafu kuna zile za dharura, barabara imefungwa, mvua imenyesha Jangwani maji yamejaa mabasi ya mwendokasi hayapiti, ruti imehamishwa. Hizi ni taarifa za aina tofauti, gharama zake tofauti, na wenye kuzitoa ni watu tofauti. Ile ya kuandika jina la kituo inahitaji kibao na rangi. Ile ya kuonyesha gari iko wapi inahitaji kifaa kwenye kila gari, intaneti, na mtu wa kuusimamia mfumo kila siku. Tumekuwa tukililia ya pili wakati ya kwanza hatuna.

Anza na majina tu. Chukua stendi moja ya Sinza, kuna anayeiita Mawasiliano, kuna anayeiita Simu 2000, na mwingine atakuambia Sinza Mawasiliano, ni palepale. Mtu kaambiwa na ndugu yake ashukie Mawasiliano, anasikia konda anaita "Simu, Simu", atajuaje? Na vifupisho vya kwenye vioo sasa, R/3 ni Mbagala Rangi Tatu, G/MBOTO, K/KOO, sisi tunasoma bila kufikiri kwasababu tumekulia humu. Buguruni Sheli, maana yake pana kituo cha mafuta, lakini mgeni akiangalia nje njia nzima anaona vituo vya mafuta vingapi? Hakuna kibao barabarani kinachosema "Hapa ni Buguruni Sheli". Vibanda vingi vya abiria vina bango la biashara kubwa linawaka mpaka usiku, ila jina la kituo lenyewe hamna. Hili linaniuma kwasababu kibanda kipo, sehemu ya kuandika ipo, kinachokosekana ni herufi tu.

Hapa lazima niseme jambo moja la haki kuhusu makonda, maana huwa tunawatupia lawama zote. Mfumo wa taarifa wa daladala upo, na umekuwepo miaka yote, ni wa mdomo. Konda anaita ruti akiwa mlangoni, ndani ya gari anauliza kila kituo, "Bamaga wapo?", abiria anajibu "Shusha!" Ni mfumo unaofanya kazi, na kwa abiria asiyeona ni msaada mkubwa sana. Uingereza, chama cha Guide Dogs, cha kuwasaidia wasioona, kilifanya kampeni miaka mingi kudai mabasi yatangaze vituo kwa sauti, sheria ikapita bungeni 2017, kanuni zenyewe zikaja kuanza kazi Oktoba 2023, na mabasi karibu yote yamepewa mpaka Oktoba 2026 yawe yanatangaza kituo kwa sauti na kwa maandishi. Sisi ile nusu ya sauti tunayo tayari, kwa mdomo wa konda. Lakini angalia inavyomwacha mtu. Konda akiuliza "Bamaga wapo?" na hamna aliyejibu, gari haisimami. Kama hujui kwamba unapoenda panaitwa Bamaga, unapitishwa. Kama husikii, unapitishwa. Kama umesinzia kwa uchovu ukaamka ghafla usiku mvua inanyesha na vioo vina ukungu, hakuna mahali pa kusoma uko wapi. Sauti bila maandishi ni nusu ya huduma, na wenzetu viziwi ndo wanaobeba mzigo wa ile nusu iliyokosekana, wakati Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo toka 2010.

Sasa tuje kwenye pesa, maana kuna watu wanaona taarifa ni mapambo. Mkazi yeyote wa Dar anajua kugeuza na gari. Jioni umetoka kazini Kariakoo, unaenda zako Mbagala, kituoni pamejaa watu, gari ikija wanaingilia mpaka madirishani. Kwahiyo unatembea kurudi nyuma, au unapanda gari inayoingia mjini kabla haijafika mwisho, unakaa kwenye siti, inafika mwisho, inageuza na wewe umo ndani, na nauli unalipa mara mbili. Watu wanafanya hivi kila siku ya Mungu. Tukiulizana kwanini, jibu la haraka ni magari machache, na ni kweli yanakuwa machache jioni. Lakini sehemu kubwa pia ni kutokujua. Hujui ya pili inakuja baada ya dakika tano au hamsini. Ungejua kwa uhakika kwamba baada ya hii iliyojaa zinakuja mbili nyuma, pengine ungesubiri kwa amani. Kwahiyo ile nauli ya pili, mimi naiona ni bei ya taarifa ambayo hatuna. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, walipopandisha nauli Desemba 2023, ruti zisizozidi kilomita 10 zikatoka 500 kwenda 600, kila mtu alipiga kelele kuhusu ile mia. Mtu anayegeuza na gari kila jioni analipa nauli nzima ya ziada na hakuna anayeipigia kelele.

Na habari ya kusubiri imeshachunguzwa. Kule Seattle, Marekani, mwanafunzi wa chuo kikuu, Brian Ferris, alianzisha mfumo unaitwa OneBusAway mwaka 2008 wa kumwambia abiria basi lake liko dakika ngapi. Watafiti walipokuja kuwauliza watu wamesubiri muda gani, waliokuwa na taarifa walisema wastani wa dakika 7.5, wasiokuwa nayo wakasema 9.9. Kusubiri usichokijua kunachosha kuliko kusubiri kwenyewe, na kwetu huku ongeza jua, ongeza mtoto mgongoni, ongeza wasiwasi wa giza kwa dada zetu wanaosubiri peke yao saa tatu usiku.

Haya, ni nani mwenye kazi ya kutupa hizi taarifa? Hapa ndo panapochanganya zaidi na ndo maana malalamiko yetu yanaishia hewani. Leseni ya ruti inatoka LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Kwahiyo LATRA wanajua kila daladala imesajiliwa itoke wapi iende wapi na ipitie wapi, na ile michirizi ya rangi ubavuni mwa gari inatokana na ruti yake. Nauli pia ni wao. Lakini kituo ulichosimama sio cha LATRA. Kama ni barabara kuu kama Morogoro Road, iko chini ya TANROADS. Kama ni barabara ya mtaani, ni TARURA. Stendi, mara nyingi ni halmashauri, na Dar tuna halmashauri tano: Ilala ambayo ndo Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mwendokasi ina wakala wake, DART. Alafu yule anayekusimamisha au kukupitisha barabarani ni trafiki. Mwenye gari ni tajiri binafsi ana Coaster moja au mbili. Ukienda kwa yeyote kati ya hawa ukamuuliza mbona kituoni kwetu hamna hata kibao cha ruti, kila mmoja anaweza kukujibu kwa ukweli kabisa kwamba hiyo sio kazi yake peke yake. Mwenye taarifa hana kituo, mwenye kituo hana taarifa. Huo ndo mkwamo wenyewe, na watu wa jiji hili, ambao sensa ya 2022 ilituhesabu 5,383,728, wengi wetu tunazunguka humo kila siku.

Kuna kitu kingine ambacho kampeni nyingi hukikwepa nacho ni hesabu. Dereva na konda wengi hawana mshahara, wanatakiwa wampelekee tajiri hesabu ya siku, yaani kiasi cha pesa walichopangiwa, mafuta yao, kinachobaki ndo chao. Ukielewa hapo utaelewa kwanini gari inakaa kituoni mpaka ijae, kwanini inakatisha ruti jioni ikiona foleni, inawashusha watu njiani eti "gari mwisho hapa" igeuze iwahi tripu nyingine. Kukatisha ruti ni kosa kisheria na linajulikana. Lakini tufikirie: kama kituoni pangekuwa na kibao kinasema ruti hii mwisho wake ni Rangi Tatu na nauli ni hii, abiria anayeshushwa Zakhem angekuwa na kitu cha kunyooshea kidole badala ya kubishana maneno matupu na konda. Maandishi yanampa nguvu abiria. Kwahiyo tusitegemee kila mtu ayafurahie. Inabidi tuongee na madereva na makonda mapema, na yapo ya kwao pia humo, maana konda naye anachoka kugombana kuhusu nauli na abiria arobaini kila tripu.

Wapo wanaosema daladala haziwezi kuwekwa kwenye mfumo kwasababu hazina ratiba. Hoja hiyo ilishajibiwa jirani hapo Nairobi. Kati ya 2012 na 2014 Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani na kampuni ndogo ya Groupshot waliendesha mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu, ndo daladala za kule, simu mkononi, wakarekodi njia nzima na kila mahali gari iliposimama, ruti kwa ruti. Wakapata zaidi ya ruti 130 na vituo karibu 3,000. Mwanzoni mwa 2014 wakatoa ramani ya karatasi ya matatu zote, imechorwa kwa mistari ya rangi kama ramani za treni za Ulaya, serikali ikaikubali, na 2015 taarifa hizo zikaingia kwenye Google Maps. Na ile ramani ikafunua kitu ambacho watu walikuwa wanakiishi bila kukiona, kwamba karibu kila njia inaingia katikati ya mji hata kama unatoka mtaa wa pembeni kwenda mtaa mwingine wa pembeni.

Suala la ratiba walilitatua hivi. Kuna muundo wa kuandika data za usafiri unaoitwa GTFS, ulianzia Portland, Marekani, 2005, kati ya shirika la mabasi la huko na Google. Usitishwe na jina, ni mafaili ya maandishi tu, moja lina orodha ya vituo na mahali vilipo, lingine ruti, lingine safari, lingine muda. Na ndani yake kuna faili maalum la usafiri usiokuwa na ratiba, unaandika tu kwamba kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu gari zinapita kila baada ya dakika ngapi. Daladala inaingia humo vizuri kabisa. Data zikishakuwa wazi kwa muundo huo, kijana yeyote wa kutengeneza programu anaweza kuzitumia, na mtu wa kuchapa mabango pia anazitumia hizohizo. Na vifaa vya kufuatilia magari sio kitu kigeni kwetu, mabasi ya mikoani yalishafungwa VTS toka enzi za SUMATRA kwa ajili ya kudhibiti mwendo.

Ila ninachokiona kwa Nairobi, na hapa ni maoni yangu, ni kwamba data za ruti zinachakaa upesi kama hakuna mwenye jukumu la kuzisasisha. Ruti zinahama, stendi zinahama. Sisi wenyewe hapa tumeona stendi ya Mwenge ikihamia Makumbusho, mabasi ya mikoani yakatoka Ubungo kwenda Mbezi Luis, mwendokasi ilipoanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni daladala zikaondolewa barabara ile. Ramani ya mwaka juzi inaweza kumpoteza mtu kuliko kutokuwa na ramani. Kwahiyo dai la kwanza sio "tutengenezewe app", dai la kwanza ni orodha ya ruti zilizosajiliwa itolewe hadharani na isasishwe kila leseni inapobadilika, na iwe kazi ya ofisi yenye jina, sio ya mradi wa wafadhili unaoisha.

Na hilo dai lina miguu kisheria. Katiba yetu ibara ya 18 inatambua haki ya mwananchi kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Alafu kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Watu wengi wanadhani sheria ile ni ya waandishi wa habari. Ni yako wewe unayepanda gari. Pia lipo baraza la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini, LATRA CCC, kazi yake ni kusimama upande wa abiria, na sioni kama tunalitumia kama inavyotakiwa, wengi wetu tunarekodi video ya konda tunaposti, inasambaa siku mbili, inaisha.

Kwa uzoefu wangu mdogo malalamiko ya mtu mmoja hayafiki mbali, hesabu zinafika. Sisi majirani kama saba wa Tabata tulikaa kituoni kwetu kwa zamu wiki mbili, asubuhi na jioni, na daftari la kawaida la shule. Tunaandika gari imepita saa ngapi, ruti iliyoandikwa kwenye kioo, na ile aliyoita konda. Hiyo safu ya tatu ndo iliyotufungua macho, maana jioni mara nyingi haikulingana na ya pili. Tulipopeleka lile daftari kwa mwenyekiti wa mtaa aliligeuza kurasa kama dakika kumi hasemi kitu, mwisho akauliza, "Kwahiyo hizi zote zilitakiwa zifike mwisho?" Kabla ya hapo tulishamwambia kwa mdomo mara nyingi tu.

Akaturuhusu kuweka kibao chetu cha muda. Fundi seremala wa mtaani akatukatia ubao, binti mmoja mwenye mwandiko mzuri akaandika jina la kituo kwa herufi kubwa, chini yake ruti nne, kila ruti na mshale wa kuonyesha inaelekea upande gani, na nauli. Ule mshale tuliuongeza kwa ajili ya yule mama wa Tazara, nilikuwa nimewahadithia. Wiki ya kwanza makonda wawili walikuja juu kuhusu nauli, tukaongea nao, mmoja akatuambia tumekosea njia ya ruti moja, tukaenda kuhakikisha, kweli tulikosea, tukafuta tukaandika upya. Siku hizi yeye ndo anawaambia wageni "soma pale".

Kibao kilivumilia masika moja, rangi ikaanza kubabuka. Hatukukipaka upya, tulikipiga picha, tukaiambatanisha na nakala za daftari na barua ya kuomba mambo mawili tu: orodha rasmi ya ruti zote zinazopita kituo kile, na ofisi ipi yenye jukumu la kuweka kibao cha kudumu. Barua imepokelewa, nakala yetu ina muhuri na tarehe, na leo ni siku ya kumi na tisa.